Mwako, Kirusi na Masikio ya Sungura

Celsus wa Roma, aliyeishi katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa kwake Masihi, aliandika kwamba kiungo kilichopatwa na dhara hujulikana kwa alama nne, nazo ni wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Na kwa muda wa karne nyingi matabibu waliokuja baada yake hawakuwa na la kuzidisha juu ya hayo ila kidogo. Hali hiyo, ambayo katika makala haya nitaiita mwako, ilihesabiwa kuwa ni jambo lenye kuja na kuondoka, likiisha kwa kupona au kwa usaha, na wachache mno ndio waliotia shaka kwamba mwako usiokoma waweza kuuandalia mwili maradhi mengine yaliyo makubwa kuliko huo wenyewe.

Aliyeitia nguvu shaka hiyo ni Rudolf Virchow wa Berlin, ambaye mnamo mwaka 1863, akitazama kwa hadubini vipande vya saratani, aliona chembe nyeupe za damu zimejipenyeza kati ya seli za uvimbe, naye akakata shauri kwamba saratani huzuka mahali palipochokozwa muda mrefu. Hoja hiyo ilisafiri mbali. Katsusaburo Yamagiwa, Mjapani aliyepata kusoma kwa Virchow, aliporejea kwao aliazimia kuithibitisha kwa vitendo, na pamoja na msaidizi wake Koichi Ichikawa akawa anapaka lami ya makaa ya mawe katika masikio ya sungura, akirudia kazi ile ile kwa miezi mingi bila ya kuchoka, hata mwaka 1915 akaweza kuwatangazia wenziwe kuwa masikio yale yamefanya saratani ya kweli. Wengine kabla yake walijaribu wakaacha mapema, nami naona subira yake imesifiwa chini ya inavyostahiki.

Ilhali wafuasi wa mwako wakienda njia yao, kulikuwapo njia nyingine iliyoanzia Verona, katika nchi ya Italia, ambako tabibu Domenico Rigoni-Stern alikaa na daftari za vifo vya mji ule, tangu mwaka 1760 hadi 1839, akahesabu nani amekufa kwa saratani, wa umri gani na mwenye hali gani ya ndoa. Alichokitoa hadharani mwaka 1842 ni kwamba saratani ya kizazi iliwaua zaidi wanawake walioolewa na wajane kuliko wanawali na watawa wa kike, na ile ya matiti ikawa kinyume chake. Waandishi wa baadaye, kwa kupenda hadithi iliyokamilika, wamemsingizia kuwa alisema watawa hawapatwi kabisa na saratani ya mlango wa kizazi. Yeye hakusema hivyo, wala daftari zake hazikutenga mlango wa kizazi na kizazi chenyewe. Hata hivyo hesabu zake ziliacha dhana isiyofutika, kwamba katika maradhi haya limo jambo lipitalo baina ya mume na mke.

Njia hizo mbili zilikutana katika sikio la sungura. Mwaka 1933 Richard Shope, wa taasisi ya Rockefeller nchini Marekani, alibainisha kwamba sugu mfano wa pembe ziotazo katika ngozi za sungura wa mwituni huletwa na kirusi. Na miaka mitano baadaye, katika taasisi hiyo hiyo, Peyton Rous na mwenzake John Kidd waliyapaka lami masikio ya sungura kisha wakawatia kirusi cha Shope, na saratani ikatokea kwa haraka isiyotazamiwa. Kirusi peke yake hukawia, na lami peke yake hukawia, bali vikishirikiana kazi hufupika. Kwa maoni yangu jibu la suali la saratani ile ya wanawake lilikuwa limeandikwa pale mwaka 1938, isipokuwa hapakuwa na aliyekwenda kulisoma.

Katika matibabu ya wanawake wenyewe mwako ulikuwa ni kero tu. George Papanicolaou, Mgiriki aliyehamia New York, alipotoa pamoja na Herbert Traut mwaka 1941 njia yake ya kuipima saratani kwa seli zilizobanduka, ilimlazimu atenge daraja maalumu ya seli zilizogeuka sura pasipo kuwa za saratani, na aghalabu zilizozigeuza ni uambukizo wa kawaida. Tangu hapo watazamaji wa hadubini walifunzwa kuuona mwako kuwa ni pazia linaloficha habari, wala si habari yenyewe.

Kirusi ndicho kilichoshinda. Baada ya watu kupoteza miaka wakiyashitaki malengelenge ya sehemu za siri, Harald zur Hausen na wanafunzi wake wa Ujerumani walikipata katika saratani ya mlango wa kizazi kirusi cha papiloma cha namba 16 mwaka 1983 na cha namba 18 mwaka uliofuata, wakakikuta hiki cha pili hata katika seli za Henrietta Lacks, Mmarekani aliyefariki mwaka 1951 kwa saratani hiyo, ambazo mpaka leo zazaana katika maabara. Zur Hausen alitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Lakini wanawake walio wengi hupatwa na kirusi hiki wakati mmoja au mwingine, na miili yao hukiondoa yenyewe, mara nyingi katika muda wa miaka miwili. Kwa nini basi kwa wachache hukaa, na kwa wachache zaidi huleta saratani? Hapo ndipo zilipoitwa protini za mwako, ambazo zilikwisha kugunduliwa moja moja na watu waliokuwa wakitafuta mambo mengine: intaferoni mwaka 1957 mjini London, na intalukini ya 6, ambayo wanasayansi wa Osaka waliibainisha mwaka 1986 wakichunguza jinsi mwili unavyofanya kingamwili.

Ajabu ya kirusi hiki ni kwamba mwanzoni huishi kwa kunyamaza. Hakiingii katika damu, wala hakiipasui seli kinamokaa, bali huzaana katika tabaka la juu ambalo seli zake zinakaribia kubanduka zenyewe. Na protini zake mbili, ziitwazo E6 na E7, huizima intaferoni isipige mbiu, huku zikiwaangusha walinzi wawili waizuiao seli kugawanyika ovyo. Kimya hicho kikidumu miaka, na seli zikaanza kuharibika, mambo hupinduka: uvimbe wenyewe huanza kumwaga intalukini ya 6 na ya 8, pamoja na prostaglandini, na vitu hivyo huvuta mishipa mipya ya damu, huziamuru seli zizidi kugawanyika zisife, na chembe nyeupe zinazofika kwa kuitwa hugeuzwa kuwa watumishi wa uvimbe badala ya maadui zake. Harold Dvorak wa Boston aliuita uvimbe wa namna hii jeraha lisilopona. Chembe hizo aliziona Virchow. Asichoweza kukiona ni kwamba kwa sehemu kubwa zimekuja nyuma ya kirusi, na kwamba zikishafika huwa washirika wa jinai. Moshi wa tumbaku na maradhi mengine ya zinaa yaliyokaa bila ya tiba huzidisha hatari, na yamkini mwako ni mojawapo ya njia zake.

Katika Afrika ya Mashariki, ambako saratani hii ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi zaidi, Rwanda ilitangulia kuchanja wasichana mwaka 2011, Tanzania ikaeneza chanjo nchi nzima mwaka 2018, na Kenya mwaka 2019. Chanjo hiyo hukizuia kirusi mlangoni, kabla ya kimya wala kelele. Kwa mama zao tegemeo kubwa limekuwa ni siki. Muuguzi hupaka siki nyepesi juu ya mlango wa kizazi, akangoja dakika moja, kisha akatazama kwa taa kama pametokea weupe mzito wenye kingo zilizo wazi. Akiuona, na ukiwa mdogo, aweza kuugandisha kwa gesi baridi au kuuchoma kwa joto siku hiyo hiyo. Taabu ni kuwa mwako wa kawaida nao huleta weupe, ingawa hafifu na usio na mipaka dhahiri, na muuguzi hana budi kuupambanua kwa macho yake matupu. Kwa wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambao hatari yao ni takriban mara 6 ya wengine, kazi hiyo huwa ngumu zaidi, kwa kuwa maambukizo mengine huwapata mara kwa mara. Palipo na mwako mkali mwanamke hutibiwa huo kwanza, akaambiwa arudi apimwe upya, na wapo wasiorudi kwa ajili ya nauli na mwendo.