Samadi na Punje: Ushahidi wa Mbegu Zilizoungua katika Historia ya Kilimo

Neno samadi, tunalolitumia kwa kinyesi cha mifugo kitiwacho shambani, asili yake ni Kiarabu. Hilo halina ubishi. Ubishi huanza pale mtafiti anapovuka kutoka kwenye neno hadi kwenye jembe, akahukumu kwamba kwa kuwa neno limekopwa, basi na kazi yenyewe imekopwa. Kwamba mkulima wa pwani hakujua kurutubisha shamba lake mpaka alipofundishwa na mgeni. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba hukumu ya namna hiyo yaweza sasa kujaribiwa kwa shahidi mwingine, naye ni punje ya nafaka iliyoungua.

Sisi wa isimu tumemzoea shahidi wetu. Tangu Malcolm Guthrie alipochapisha Comparative Bantu, kati ya 1967 na 1971, imekuwa desturi kukusanya maneno yanayofanana, mathalani kunde, mbegu na -lima, kisha kukisia kutokana nayo mambo waliyoyajua wahenga wa Kibantu. Njia hiyo ina heshima yake. Lakini neno huweza kuhama bila kitu chake, na kitu kikahama bila neno lake. Tena, hata neno linapotuhakikishia kwamba watu walilima, halisemi walilima vipi: kama walitia samadi au waliiacha ardhi ipumzike, kama walimwagilia maji au walingoja mvua.

Hapo ndipo kemia inapoingia. Punje iliyoanguka mekoni ikaungua bila kugeuka jivu hailiwi na wadudu wala haiozi. Hubaki kaa lenye umbo lake, na ndani yake mna kaboni na naitrojeni ambazo mmea ulijipatia ulipokuwa shambani. Naitrojeni hiyo ina namna mbili zisizobadilika, nyepesi ya uzani 14 na nzito ya uzani 15. Wanakemia huziita aisotopu. Samadi inapochacha, amonia hutoka kama mvuke, na aghalabu ile nyepesi ndiyo hutangulia kutoroka. Nzito hubaki, ikaingia udongoni, kisha mizizini, hatimaye katika punje. Basi punje ya shamba lililotiwa samadi kwa miaka mingi huwa na sehemu kubwa zaidi ya naitrojeni nzito. Jambo hili limepimwa Rothamsted, Uingereza, ambako ngano imekuwa ikipandwa katika shamba la Broadbalk tangu 1843, vipande vingine kwa samadi na vingine bila kitu. Kaboni nayo hueleza habari za maji, kwani ngano iliyokabwa na kiu hufunga vitundu vya majani yake, ikalazimika kutumia zaidi kaboni nzito ambayo kwa kawaida huikwepa.

Kwa njia hii Amy Bogaard na wenzake walipima nafaka na mbegu za jamii ya kunde kutoka sehemu 13 za kale za Ulaya, za kati ya 5900 na 2400 K.K., wakaeleza mwaka 2013 kwamba wakulima wale wa mwanzo walitia samadi. Ikaanguka picha ya mkulima wa kale achomaye msitu, akavuna misimu michache, akahama. Samadi hutoa rutuba yake polepole, mwaka baada ya mwaka. Aimwagaye leo anatarajia kuwapo kesho, yeye au wanawe. Nyuma ya tarakimu hizo, basi, mna habari za umiliki wa ardhi na urithi, na hakuna neno hata moja la watu wale lililobaki la kutusimulia hayo. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa 2017 juu ya kaskazini mwa Mesopotamia, ulionyesha kinyume chake: kadiri miji ilivyokua, alama ya samadi ilipungua, kwa kuwa watu walipanua mashamba badala ya kuongeza jasho katika kila kipande.

Huku kwetu, punje za kupimwa zipo. Katika pango la Kakapel, Kaunti ya Busia, iliyo mpakani na Uganda, zimepatikana kunde, wimbi na mtama. Matokeo yaliyochapishwa 2024 yanaonyesha kwamba kunde hiyo ni ya miaka 2,300 hivi iliyopita. Mwanaisimu atafurahi kuona neno kunde limepewa tarehe. Hata hivyo, kunde si shahidi mwema wa samadi, kwani jamii yake hujipatia naitrojeni hewani kwa msaada wa bakteria wa mizizini.

Nafaka za Pemba zingefaa zaidi kwa swali letu. Huko Tumbe, mji wa karne ya 7 hadi ya 10, uwele ulitawala. Huko Chwaka, uliofuata baadaye, mchele ukashika nafasi yake. Nao Derek Nurse na Thomas Spear walikwisha eleza mwaka 1985 kwamba sehemu kubwa ya maneno ya Kiarabu iliingia katika Kiswahili baadaye. Ikiwa uwele wa Tumbe una naitrojeni nzito, hoja ya kwamba kazi ilikopwa pamoja na neno itakuwa imedhoofika sana.

Sisemi kwamba kipimo hicho ni rahisi. Ukame peke yake huweza kuzidisha naitrojeni nzito udongoni bila mkono wa mtu, hivyo vipimo vya Rothamsted haviwezi kuhamishiwa Pemba hivi hivi. Hapana budi kwanza kupima mavuno ya mashamba ya leo ya huko huko, ambayo inajulikana zizi lilikuwa wapi na samadi ilimwagwa miaka mingapi. Habari hizo wanazo wazee, nao huzisema kwa lahaja yao, kwa maneno ambayo yumkini hayamo katika kamusi zetu. Kazi ya kuyakusanya ni yetu, na yafaa itangulie, maana punje ikisagwa kwa kupimwa hairudi tena.