Pampu Tatu za Baba

Chini ya kitanda cha baba kulikuwa na boksi lenye pampu tatu za mafuta: ile iliyokuja na gari, na mbili alizonunua baadaye. Ya nne ilikuwa ndani ya tangi. Zote zilikuwa nzima, ila hatukujua.

Teksi yake, Toyota Corolla ya miaka ya 90, ilikuwa na tabia ya kufia kwenye mlima, hasa jua likiwa kali. Starta inazunguka vizuri, injini haishiki. Ukisubiri nusu saa, inawaka. Mafundi wakasema pampu imekwisha, na sikuwahi kuwaona kama matapeli, maana kila pampu ilipobadilishwa gari lilipona kwa wiki mbili tatu. Pampu ya mwisho ilinunuliwa kwa ada yangu ya kidato cha tano. Niliripoti shuleni nikiwa nimechelewa mwezi mzima, na gari lilikuwa limeshaanza kufa tena.

Aliyetuokoa ni fundi rewaya mmoja pale Morogoro, karibu na Msamvu. Hakugusa tangi kwanza. Alifungua boneti, akatafuta kisanduku kidogo cha plastiki, akaunganisha kwa kipande cha waya tundu lililoandikwa B+ na lile la FP, akawasha swichi. Hapo pampu huzunguka bila kungoja injini.

"Dogo, kasikilize kule nyuma."

Nilisikia mlio hafifu, kama nyuki ndani ya debe.

Testa aliyoichomeka kwenye soketi ya pampu, baada ya kuitenganisha na pampu, iliwaka vizuri. Hapo ndipo mafundi wote waliishia: moto upo, pampu haivuti, basi pampu ni mbovu. Yeye akarudisha soketi, akaiacha pampu izunguke, ndipo akapima kwa mita. Kwenye betri zilikuwa volti 12.4. Kwenye pampu, 8.4.

"Mzee," alimwambia baba, "volti nne zimepotelea njiani. Tuzitafute."

Miaka mingi baadaye, nikisoma historia ya umeme, nilikutana na swali lile lile likiulizwa kuhusu bahari. Mwaka 1858 waya wa simu za maandishi ulilazwa chini ya Atlantiki, kutoka Ireland hadi Newfoundland. Uliishi wiki tatu hivi. Wildman Whitehouse, daktari wa binadamu aliyekuwa amepewa kazi ya umeme, alipoona ishara ni dhaifu aliongeza nguvu: takribani volti 2,000. Waya ukafa kabisa. Namwelewa kuliko ninavyopenda kukiri, kwa sababu baba alikuwa akifanya jambo lile lile kwa pampu.

Wahandisi waliofuata walijifunza kupima badala ya kulazimisha. Kanuni ilikuwepo tangu 1827, pale Georg Ohm, mwalimu wa shule huko Cologne, alipochapisha kitabu chake na kupokelewa kwa baridi: ukijua mkondo na ukinzani, unajua volti ngapi zinaliwa wapi. Ukijua ukinzani wa kila kilomita ya waya, unaweza kukaa ufukweni, ukapima, ukakadiria meli iende kuvua waya mahali gani baharini. Mwaka 1879 waya wa namna hiyo kutoka Aden ulifika Zanzibar. Miaka miwili baadaye, mkutano wa Paris ukakubaliana juu ya vipimo vya ohm, volti na ampea.

Hata relei, kile kidude kinacholia "tak" ukiwasha swichi, kina ukoo na simu hizo. Joseph Henry alitengeneza ya kwanza Marekani mwaka 1835, na jina lake limetokana na farasi wa kupokezana safarini. Mita nayo ilizaliwa na uchovu: Donald Macadie, mhandisi wa posta ya Uingereza, alichoka kubeba vipimo vingi, akaviunganisha kuwa kimoja kilichoanza kuuzwa mwaka 1923.

Gari lenyewe lilichelewa kuhitaji haya yote. Enzi za kabureta, pampu nyingi zilisukumwa na injini yenyewe, bila waya hata mmoja. Mwaka 1967 Bosch ilitoa mfumo wa D-Jetronic kwenye Volkswagen 1600 za soko la Marekani, ambako sheria za moshi zilikuwa zinabana. Nozeli za umeme zilitaka mafuta yenye msukumo usiobadilika, na msukumo huo ukatoka kwa pampu ya umeme. Tangu hapo uhai wa injini unapita kwenye fyuzi, swichi, relei, waya mrefu chini ya zulia, na mwisho ethi kwenye bodi.

Na ethi ndiyo hakuna aliyeitazama. Fundi aliweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya pampu, nyingine kwenye hasi ya betri, pampu ikizunguka. Mita ikasoma karibu volti nne. Pampu ilikuwa inavuta ampea tano. Kwa mkondo huo, ukinzani wa ohm 0.8 tu unatosha kuzila zote. Taa ya testa haivuti hata ampea moja, ndiyo maana iliwaka kana kwamba hakuna tatizo.

Akang'oa siti ya nyuma. Chini ya zulia, pale maji ya kuoshea gari yalipokuwa yakituama, bolti ya ethi ilikuwa imelegea na kuota kutu ya kijani. Kila aliyebadilisha pampu alikuwa amepita hapo, akautikisa waya bila kujua, ukashika kwa muda. Msasa, spana, dakika kumi. Alidai shilingi elfu kumi.

Baba alikaa kimya, kisha akaniagiza nikalete boksi. Fundi alijaribu zile tatu, kila moja sekunde mbili tu, mbali na tangi. Zote zililia.

Moja alikuja kuitaka dereva mwenzake wa kijiweni, ambaye gari lake lilikuwa linafia mlimani. Baba aliishika mkononi, akakataa kupokea hela, akamuuliza kama ameshapima ethi.