Chakula cha Nyuki katika Historia ya Unyanyembe

Mfugaji wa viwavi wa hariri huchuma majani ya mforosadi na kuwapelekea viwavi ndani ya nyumba. Kwa kuwa chakula hupita mikononi mwake, anaweza kuyanyunyizia majani hayo vitamini au protini ili kiwavi akue vizuri zaidi. Unyanyembe, katika Mkoa wa Tabora, mdudu aliyefugwa tangu kale ni nyuki, na chakula chake kilitoka moja kwa moja mitini. Insha hii inatetea hoja kwamba historia ya ufugaji nyuki Tabora haiwezi kueleweka kwa kuchunguza mzinga pekee. Sharti ichunguzwe pia miti iliyowalisha nyuki, pamoja na mamlaka yaliyoamua ni nani aingie porini na ni nani akate.

Msingi wa lishe hiyo ni miombo. Mtundu huchanua mwishoni mwa kiangazi, na muba huchanua mvua zinapoelekea ukingoni. Ndiyo maana mavuno makuu ya asali huangukia baina ya Mei na Julai, na mavuno madogo karibu na Novemba na Desemba. Nekta humpa nyuki nguvu, na chavua hutoa protini inayokuza majana. Baina ya misimu hiyo huja njaa, na kundi linalokosa chakula huhama. Wafugaji wa Kinyamwezi walilikabili tatizo hilo kwa kutundika mizinga mingi, ya magome na ya magogo, katika sehemu mbalimbali za pori, ili makundi yanayohama yapate makao kwingine. Kwa hiyo mzinga mtupu haukuwa lazima dalili ya uzembe.

Burton na Speke walipofika Kaze mwezi Novemba 1857, Wanyamwezi walikuwa tayari wachukuzi na wafanyabiashara mashuhuri wa njia ya Bagamoyo hadi Ujiji. Pembe za ndovu zilitawala maandishi ya wasafiri, ilhali asali ilibadilishwa kimyakimya katika biashara ya ndani, sambamba na chumvi ya Uvinza na majembe ya chuma. Chini ya utawala wa Wajerumani nta ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizouzwa ng'ambo, na reli iliyofika Tabora mwaka 1912 ikachukua nafasi ya mabega ya wachukuzi.

Utawala wa Waingereza ulileta mabadiliko yaliyokinzana. Katika miaka ya 1920 na 1930 watu wa magharibi ya Tanganyika walikusanywa katika makazi ya pamoja ili kuzuia malale. Pori likabaki kwa miti na nyuki, lakini wafugaji wakawekwa mbali nalo, wakalazimika kusafiri na kupiga kambi msimu wa kurina. Mpango wa karanga wa miaka ya 1947 hadi 1951 ulifyeka sehemu ya miombo huko Urambo. Baada yake ikaja tumbaku ya mvuke, ambayo mabani yake hukaushia majani kwa kuni za miombo. Mkulima aliyekuwa pia mrina asali alijikuta akichoma chakula cha nyuki wake mwenyewe ili apate fedha za zao jingine.

Juhudi za kuboresha ufugaji katika nusu ya pili ya karne ya 20 zilihimiza kwa kiasi kikubwa mizinga ya masanduku. Mzinga huo hurahisisha ukaguzi na urinaji, lakini hauongezi ua hata moja porini. Maji ya sukari huweza kuliokoa kundi wakati wa njaa, ila hayana protini ya chavua. Sera ya Taifa ya mwaka 1998 na Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 ziliupa ufugaji huo nafasi yake rasmi. Hata hivyo, mtafiti anayepima maendeleo kwa idadi ya mizinga tu atakuwa amehesabu nyumba bila kuuliza wakazi wake wanakula nini. Kipimo cha haki zaidi kwa Tabora ni kulinganisha idadi hiyo na hali ya mtundu na muba, na kuangalia iwapo mfugaji bado anaruhusiwa kuifikia.