Wakishapata kiti, hushuka?

Ndugu msomaji, ukipita Keko utawaona mafundi seremala wakipanga viti na makabati kando ya barabara. Juzi nilisimama kwa fundi mmoja, kijana, akaniuliza: "Mzee, hawa wapigania uhuru mnaowasifu redioni, wakishapata kiti si huwa hawashuki?"

Nilimtajia mtu mmoja tu: Joaquim Chissano wa Msumbiji.

Chama chake, FRELIMO, kiliundwa hapa hapa Dar es Salaam mwezi Juni, 1962. Tarehe 3 Februari, 1969, kiongozi wake, Dkt. Eduardo Mondlane, aliuawa jijini humu kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Kuanzia mwaka huo hadi 1974 Chissano ndiye aliyekuwa mwakilishi wa FRELIMO kwetu.

Mwezi Septemba, 1974, akiwa na miaka 34, mgeni wetu huyo akawa Waziri Mkuu wa serikali ya mpito kule kwao. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975 akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Rais Samora Machel alipofariki katika ajali ya ndege mwezi Oktoba, 1986, Chissano akashika nafasi yake. Mwaka 1992 alitia saini mjini Roma mkataba uliomaliza vita na RENAMO.

Sisemi utawala wake haukuwa na doa. Mwaka 2000 mwandishi mwenzetu, Carlos Cardoso, aliuawa mjini Maputo alipokuwa akichunguza wizi wa fedha za benki. Hilo sisi wa kazi hii hatulisahau.

Lakini uchaguzi wa mwaka 2004 ulipofika, Chissano hakugombea, ingawa Katiba ilimruhusu. Mwezi Februari, 2005, alimkabidhi mwenzake madaraka, akaenda zake. Na mwezi Julai, 2004, mbele ya marais wenzake wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, alihutubia kwa Kiswahili, lugha ya watu waliompokea alipokuwa mkimbizi. Kumbe madaraka hayakumsahaulisha alikotoka.

Yule fundi alipuliza vumbi la msasa, akasema: "Basi mtusimulie na walivyoshuka, si walivyopanda tu."

Amesema kweli. Sisi watangazaji tumezoea kusimulia safari ya kwenda Ikulu, tukaiacha ile ya kurudi. Tafakari, ndugu msomaji.