Ulinzi Baada ya Tiba

Mtu aliyezima moto wa nyumba haendi kulala papo hapo. Hukaa akiyaangalia majivu, maana kaa moja lililojificha laweza kuuwasha moto upya. Saratani ya titi nayo huhitaji ulinzi wa namna hiyo, na wanadamu walichukua miaka mingi kujifunza ulinzi huo.

Mwaka 1894 William Halsted, mpasuaji wa Baltimore nchini Marekani, alieleza jinsi alivyoondoa titi zima pamoja na misuli ya kifua na matezi ya kwapani. Siku zile wagonjwa wengi walifika wakiwa na uvimbe mkubwa, na njia yake ilipunguza kurudi kwa ugonjwa kifuani. Ikawa kama sheria kwa miongo mingi. Wanawake wengi waliopona walibaki na vifua vilivyobonyea na mikono iliyovimba.

Je, ukatili huo wa kisu ulikuwa wa lazima? Geoffrey Keynes wa London aliuliza hivyo katika miaka ya 1920, akatibu kwa radiamu, lakini wachache walimfuata. Hatimaye Umberto Veronesi huko Milan mwaka 1973, na Bernard Fisher huko Marekani mwaka 1976, walianza kulipima jambo lenyewe. Waliwagawa wanawake kwa bahati nasibu: wengine wakakatwa titi zima, wengine wakaondolewa uvimbe na sehemu iliyouzunguka tu. Mwaka 2002 majibu ya miaka 20 yalitolewa: makundi hayo yalikuwa yameishi sawasawa. Desturi ya mabingwa ilipimwa, ikaonekana imepungua.

Hata hivyo, titi lililobakizwa lilibaki na deni. Katika utafiti wa Fisher, ugonjwa ulirudi katika titi lile lile kwa wanawake 39 hivi katika kila 100 walioondolewa uvimbe tu, na kwa 14 hivi katika kila 100 walioongezewa tiba ya mionzi. Hatari ilipungua sana, lakini haikwisha. Nani basi angekuwa mlinzi?

Mlinzi alikwisha kuzaliwa Berlin. Mwaka 1913 Albert Salomon alipiga picha za eksirei za matiti 3,000 hivi yaliyokatwa, akatambua alama za saratani. Mwaka 1960 Robert Egan wa Houston alieleza njia bora ya kupiga picha hizo, ziitwazo mamografia.

Lakini kazi ya mlinzi huyu ni ngumu. Kisu huacha kovu, mionzi huacha uvimbe na ngozi nene, na kovu katika picha laweza kufanana na saratani. Kwa hiyo picha ya kwanza hupigwa miezi 6 hadi 12 baada ya mionzi, iwe msingi. Kisha nyingine kila mwaka. Kovu, miaka ipitapo, hutulia au hunywea, saratani hukua. Vichembe vidogo vya chokaa vikizuka upya, daktari hushuku, huchukua kipande kwa sindano, na kipande hicho huchunguzwa kwa hadubini.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini aupataje ufa asiyekumbuka ukuta ulivyokuwa jana? Ndiyo sababu mwanamke aliyetibiwa huambiwa azitunze picha zake za zamani: picha ya jana ndiyo mizani ya picha ya leo.