Somo la Picha na Vitu vya Mababu huko Makerere

Wako watu wasemao ya kuwa kuchora picha ni mchezo wa watoto, na ya kuwa kuuliza habari za mila ni kazi ya wageni wasio na shughuli. Mzazi akisikia kwamba mwanawe afundishwa mambo hayo chuoni, huisikitikia karo yake. Basi yafaa tutazame jinsi masomo hayo yalivyoanza katika Afrika Mashariki, tupate kupima kama yana faida au hayana.

Chuo cha Makerere kilifunguliwa mwaka wa 1922, juu ya kilima huko Kampala, kwa wanafunzi 14 waliojifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Somo la picha lilikuja baadaye. Mwaka wa 1937 Bibi Margaret Trowell alianza kufundisha kuchora barazani pa nyumba yake huko Mulago. Bibi huyu alikuwa Mwingereza aliyesomea sanaa London, akaja Kenya mwaka wa 1929 pamoja na mumewe, aliyekuwa daktari. Walikaa Machakos, na huko alipendezwa sana na kazi za mikono za Wakamba, kabla hawajahamia Uganda mwaka wa 1935.

Njia yake ya kufundisha ilikuwa hivi. Hakuwapa wanafunzi picha za Ulaya wazinakili. Aliwasimulia habari, kama vile ya maisha ya kijijini au ya Maandiko, nao wakaiona kwanza mioyoni mwao. Kisha kila mmoja akaichora alivyoiona. Njia hiyo aliipata kwa mwalimu wake wa London, Marion Richardson. Sasa fikirini: kijana aliyeambiwa achore soko angechora soko gani, ila la kwao? Ilimpasa akumbuke jinsi mkungu wa ndizi ubebwavyo, na jinsi mwanamke aketivyo penye bidhaa zake. Mambo aliyoyapita kila siku bila kuyatazama, yakawa somo lake. Mwaka wa 1939 kazi za wanafunzi hao zilionyeshwa London, watu wakazistaajabia.

Lakini sehemu ya pili ya habari hii ndiyo yenye uzito zaidi kwetu. Tangu mwaka wa 1908 serikali ya Uganda ilikuwa imeanza kukusanya vitu vya kale katika nyumba ya makumbusho. Waganda waliiita nyumba hiyo Enyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya pembe za mizimu, maana miongoni mwa vitu vilivyowekwa humo vilikuwamo vile vya uganga na matambiko. Katika miaka ya 1940 vitu hivyo vilihamishiwa Makerere, na Bibi Trowell akawa mtunzaji wake. Ndipo mwanafunzi wa kuchora alipojikuta karibu na ngoma, ngao, vikapu na nguo za magome ya mtuba.

Kitu kimoja huweza kutazamwa kwa macho mengi. Mwenye kukiabudu hukiogopa. Mwenye kukidharau hutaka kichomwe moto. Mgeni apitaye hukinunua kwa kuwa ni cha ajabu. Bali mwanafunzi huuliza: Ni nani aliyekifanya? Alikifanya kwa mti gani, au kwa udongo wa wapi? Alifundishwa na nani? Ni nani aliyeruhusiwa kukitumia, na siku gani? Hayo ndiyo maswali ya kwanza ya elimu iitwayo anthropolojia, yaani uchunguzi wa maisha na mila za wanadamu. Kuuliza hivyo si kurudia matambiko, wala si kuwadharau wazee. Mwaka wa 1953 Bibi Trowell pamoja na Klaus Wachsmann, mjuzi wa muziki, walitoa kitabu kikubwa kilichoeleza kazi za mikono na ala za muziki za makabila ya Uganda.

Hata hivyo tusimsifu mwalimu huyo kupita kiasi. Alitaka kuwakinga wanafunzi wake na sanaa ya Ulaya, wasije wakaiga. Nia ilikuwa njema, lakini kwa njia hiyo ni yeye, aliye mgeni, aliyeamua lipi ni la Kiafrika na lipi si la Kiafrika. Cecil Todd, aliyeshika mahali pake mwaka wa 1958, aliwafungulia wanafunzi historia ya sanaa ya mataifa mengine pia.

Jibu lenyewe lilitolewa na wanafunzi. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alisoma Makerere kisha London, lakini aliendelea kuchora maisha na kazi za Wachaga. Naye baadaye aliiwakilisha Tanganyika huko Uingereza kama balozi. Gregory Maloba wa Kenya alitengeneza sanamu ya uhuru wa Uganda ya mwaka wa 1962, iliyoko Kampala: mama anyanyuaye mtoto juu. Elimo Njau, naye wa Kilimanjaro, alichora ukutani mwa kanisa kuu la Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa siku za Mau Mau. Hapo kuzaliwa kwa Bwana, karamu ya mwisho na kusulibiwa kwaonekana katika nchi ya Wakikuyu, kati ya watu wake. Hakuna aliyemwamuru mmoja wao kuwa Mwafrika. Walijua mengi ya mbali, wakachagua wenyewe.

Basi wazazi, msiisikitikie karo ile. Mtoto wenu akirudi likizo na kumwuliza bibi yake jinsi ukindu utiwavyo rangi, msimkemee kwamba apoteza wakati. Mwacheni akae mkekani, aulize, aandike, achore. Mikono ijuayo kazi hiyo inazeeka, nayo haiandiki vitabu.