KUTOKA HORI LA FARASI HADI MEZA YA ASUBUHI

Kila tukutanapo wahitimu, mazungumzo hayachukui muda mrefu kabla hayajafika kwenye uji wa bweni. Mmoja ataukumbuka wembamba wake, mwingine ataapa kwamba tangu aondoke shuleni hajagusa tena ulezi wala mtama. Wanafunzi waliopo sasa hucheka pamoja nasi, maana nao wana yao ya kusimulia. Kwa sababu hiyo nimeona nitumie nafasi hii kueleza historia ya chakula kimoja cha asubuhi ambacho siku hizi hutajwa kwa fahari na wenye nafasi zao, yaani mafini za oti na matunda. Hivi ni vikeki vidogo, kila kimoja kama ngumi ya mtoto, vinavyookwa katika bati lenye vishimo mfano wa chuma chetu cha vitumbua. Ukiifuata asili yake, utakuta sehemu kubwa ya vilivyomo ilianza kama vitu duni.

Tuanze na oti yenyewe. (Wapo waiitao shayiri, lakini shayiri ni nafaka nyingine, ingawa ni jamaa yake.) Hapo kale oti ilikuwa gugu tu katika mashamba ya ngano na shayiri. Mazao hayo yalipopelekwa kaskazini mwa Ulaya, penye baridi na mvua nyingi, gugu likastahimili kuliko mazao yenyewe, na wakulima wakaona afadhali walipande. Huko Scotland, ambako ngano ilikuwa na shida kustawi, oti ikawa ndiyo riziki ya watu. Waingereza wao waliwapa farasi. Samuel Johnson, alipotoa kamusi yake mwaka 1755, hakuiacha nafasi hiyo ipite: alieleza maana ya neno oti kwa namna ya kuwatania Waskoti kwamba wanakula chakula cha farasi.

Waskoti hawakujali sana. Vyuo vikuu vyao, St Andrews na Edinburgh vikiwa miongoni mwake, vilikuwa na siku ya mapumziko iliyoitwa Jumatatu ya Unga. Mapokeo yanasema kwamba siku hiyo mwanafunzi alirudi kwao kufuata gunia la unga wa oti la kumfikisha mwisho wa muhula. Nani kati yetu aliyelala bwenini asiyeielewa safari hiyo? Sisi tulikuwa na sanduku la bati, karanga za kukaanga na unga wa kwetu.

Marekani nako dharau ilikuwa ile ile. Mwaka 1856 Ferdinand Schumacher, mhamiaji kutoka Ujerumani, alianza kusaga oti katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, nao wengi wakaona ni aibu mtu kula lishe ya mnyama. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vikamsaidia, kwani jeshi la Kaskazini lilihitaji chakula cha askari. Kulikuwa na tatizo jingine pia. Oti ina mafuta mengi kuliko ngano, na ikishasagwa huchacha upesi. Dawa yake ikapatikana katika mvuke: punje hupashwa moto kwa mvuke, kisha hubanwa kati ya magurudumu ya chuma zikawa bapa kama magamba, zikakaa muda mrefu na kuiva haraka. Mwaka 1877 alama ya Quaker ilisajiliwa huko huko Ohio, na baadaye oti ikauzwa katika maboksi yaliyofungwa, si kwa kuchotwa kwenye mapipa tena. Kwenye boksi yalichapwa maelezo ya mapishi, na kwa njia hiyo oti ikatoka kwenye sufuria ya uji ikaingia jikoni kwa waokaji.

Lakini oti peke yake haiumuki, kwa kuwa haina ule mnato wa ngano unaoshika hewa. Lazima ichanganywe na unga wa ngano, tena kiwepo kitu cha kuuinua. Hamira hutaka saa kadhaa, na asubuhi ni nani mwenye saa hizo? Akina mama wa Marekani wa karne ya 18 walitumia chumvi ya majivu: majivu ya kuni yalichujwa kwa maji, maji yakachemshwa hadi yakakauka, kisha ule unga ukachomwa ukawa mweupe. Hati ya kwanza kabisa ya uvumbuzi kutolewa na serikali ya Marekani, tarehe 31 Julai 1790, ilimhusu Samuel Hopkins na njia yake ya kutengeneza chumvi hiyo. Bibi zetu wanaolainisha maharage kwa magadi, au mboga kwa maji ya majivu, wako katika elimu hiyo hiyo. Majivu yakikutana na ukali wa maziwa ya mgando hutoa hewa ya kaboni, na hewa hiyo ndiyo inayouinua unga.

Mwaka 1843 Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, alichanganya soda na asidi kavu kwa ajili ya mkewe ambaye tumbo lake halikupatana na hamira. Ndiyo bekingi pauda hiyo. Asidi iliyotumika zaidi zamani hizo ilikwanguliwa kwenye mapipa ya mvinyo, nayo ilikuwa ghali. Eben Horsford, profesa wa Harvard, akapata hati mwaka 1856 ya kutoa asidi nyingine kwenye mifupa iliyochomwa. Naam, mifupa!

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wamarekani walizikimbilia pumba za oti kwa kishindo, na mwaka 1997 serikali yao ikaruhusu iandikwe kwenye maboksi kwamba nyuzinyuzi zake zaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Mafini za madukani, hata hivyo, aghalabu ni sukari tupu iliyovaa jina la oti. Na ule ulezi tuliouapia una kalsiamu nyingi kuliko oti.

Anayetaka kujaribu aloweke kikombe 1 cha oti katika kikombe 1 cha maziwa ya mgando kwa nusu saa. Aongeze yai 1, robo kikombe ya mafuta, robo ya sukari na ndizi mbivu 2 zilizopondwa. Kando achanganye kikombe 1 cha unga wa ngano, kijiko cha chai 1 cha bekingi pauda, nusu kijiko cha soda na chumvi kidogo. Robo ya unga huo yaweza kuwa ya ulezi. Aunganishe bila kukoroga sana, maana ngano ikikorogwa mno mafini huwa ngumu. Dakika 20 katika tanuri zinatosha. Pasipo tanuri, atumie sufuria nzito yenye mchanga chini na makaa juu ya kifuniko, kama mkate wa kumimina. Walowezi wa Marekani nao walioka hivyo hivyo katika vyungu vyao vya chuma. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo zitaungua chini zikiwa bado mbichi katikati.